Chogo, Flati na Mtu wa Pembeni

Kwenye Kiswahili cha mtaani Tanzania, televisheni ya zamani inaitwa chogo. Neno limetoka kwenye mwili wa binadamu: chogo ni kisogo kilichochomoza, kile ambacho watoto wanataniana nacho shuleni. Nani alianza kuliita sanduku lile chogo hatujui, ila aliona vizuri. Nyuma ya kile kioo kulikuwa na shingo ndefu ya glasi, na bila hiyo shingo picha haikuwepo. Zilipokuja nyembamba tukaziita flati, na watu wakaanza kuulizana: bado una chogo, au umeshahamia flati?

Nimekuwa nikilifikiria neno hili kwa sababu ya swali ninaloulizwa na vijana wa kule Ushetu wanaotaka kufungua vibanda vya gemu. Swali ni fupi: ninunue kioo gani? Wameshasoma mtandaoni, wanazijua herufi zote, TN, IPS, VA, OLED. Majibu yanayopatikana huko mtandaoni ni mazuri tu, lakini karibu yote yanamdhania mtu mmoja, amekaa kwenye kiti chake, uso kwa uso na kioo, chumbani kwake, taa amezima. Sasa mtu huyo ukimtafuta Nyamilangano saa kumi jioni utamkosa. Utakachokuta ni wachezaji wawili wameshika pedi, na nyuma yao, pembeni yao, chini miguuni pao, watu ishirini wanaotazama. Historia ya kioo kwetu ni historia ya hao ishirini, na nadhani uchaguzi wa kioo uanzie kwao.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1935 Waingereza walianzisha Tanganyika mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Mkuu wa shughuli za kupiga picha alikuwa Major Notcutt. Walitengeneza filamu fupi za kilimo, afya na akiba ya fedha, wakazizungusha kwa lori lenye mashine ya kuonyeshea, Tanganyika, Kenya, Uganda na hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, mpaka mradi ulipofungwa mwaka 1937. Ukisoma walivyoandika watu wa filamu za kikoloni wa miaka ile na ile iliyofuata, wasiwasi wao mkubwa ulikuwa macho ya Mwafrika: ataielewa picha? Isiende haraka mno? Isiwe na mbinu nyingi mno za kamera? Yaani mtazamaji alipangiwa picha ya kumfaa kabla hajaulizwa anaona nini.

Uhuru ulipokuja, majirani walikimbia. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962, Uganda 1963. Zanzibar wakaanza yao mwaka 1973, tena ya rangi, wakati nyumba nyingi za Ulaya bado zilikuwa zinatazama nyeusi na nyeupe. Bara tukakaa na redio. Mwalimu Nyerere hakuona sababu ya nchi maskini kununua kitu ambacho wangekitazama wachache wa mjini. Mwaka uliofuata, 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vinavyoendana nazo, na seti za televisheni zikaingia humo humo. Chanzo kilikuwa Hazina. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine lilikwenda vibaya hadi mambo yakavurugika. Badala ya kutengeneza mfumo, wakafunga mlango.

Wapo wanaoicheka marufuku ile. Mimi siicheki sana. Fedha za kigeni zilikuwa hazitoshi, na hoja ya Mwalimu kuhusu wachache wa mjini ilikuwa hoja ya kweli. Ila matokeo yake ni kwamba mtu aliyezaliwa Kahama mwaka 1974 alifikisha miaka ishirini bila kituo chochote cha televisheni Bara. Sheria ya utangazaji ilipita 1993, na 1994 vituo binafsi vikaanza kurusha Dar es Salaam, ITV kikiwemo. Televisheni ya taifa ilikuja baadaye, karne ikiwa inageuka. Kwa hiyo kioo cha kwanza kwa watu wengi wa kanda yetu hakikuwa na kituo nyuma yake. Kilikuwa na deki ya video, jenereta, na mtu mlangoni anayekusanya hela.

Hapo ndipo kilipozaliwa kibanda umiza. Jina linajieleza: mabenchi ya mbao, mabati juu, joto, na ukitoka mgongo unauma. Filamu za Hong Kong, za Kihindi, za Marekani, baadaye za Nigeria, na juu yake sauti ya msimuliaji anayetafsiri na kuongeza chumvi yake. Lufufu amewafundisha watu wengi zaidi namna ya kusimulia hadithi kwa Kiswahili kuliko vitabu vingi vya fasihi ninavyovijua, na siku moja mtu aandike habari zake ipasavyo. Lakini leo nazungumzia kioo. Kioo cha kibanda umiza kilikuwa chogo, la inchi ishirini na moja kama mwenye kibanda alijaliwa, na watu sitini walikiona wote.

Waliwezaje? Chogo ni mtoto wa bomba la Karl Ferdinand Braun, la mwaka 1897. Kwenye ile shingo kuna mkondo wa elektroni unaopiga ungaunga uliopakwa ndani ya kioo, na ungaunga ule unawaka wenyewe. Ukishawaka, mwanga unasambaa pande zote kama wa kibatari. Aliyekaa mbele, aliyekaa pembeni kabisa karibu na ukuta, mtoto aliyechuchumaa chini, wote wanapata rangi ile ile. Halafu halikuwa na kuchelewa: ukibonyeza kitufe, mchezaji anapiga. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, na chogo walikuwa kama ugali na mlenda. Kasoro zake tunazijua. Uzito wa kubebwa na watu wawili, glasi yenye madini ya risasi ndani yake, umeme mwingi, na kumetameta kunakochosha macho. Lakini chogo halikumbagua mtu kwa alipokaa.

Kwa Wasukuma hili la kutazama kutoka kila upande si geni. Pale Bujora kwenye sikukuu ya Bulabo, Bagika na Bagalu wanacheza kwa wakati mmoja, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Uwanja hauna mbele wala nyuma. Kibanda cha gemu kina tabia hiyo hiyo. Wawili wanacheza, ila kinachomfanya mtu atoe hela ya kuingia mechi inayofuata ni kelele za wanaotazama.

Basi flati ikaja, na flati ya kwanza iliyofika vijijini kwa bei ya kushikika ilikuwa monita iliyotumika ofisini, inchi kumi na saba au kumi na tisa, paneli ya TN. Watu walishangaa. Kijana amenunua kioo kipya, chembamba, kizuri, na wateja wanalalamika kuliko enzi za chogo. Waliokaa chini wanaona uso wa mchezaji umegeuka mweusi, kama negativu ya picha ya studio. Aliyesimama anaona kila kitu kimepauka. Kioo hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinafanya kile kilichoundiwa.

Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer, akiwa Prague, alikuwa anachunguza dutu aliyoitoa kwenye karoti, akaona inayeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145.5 inakuwa uji mzito wenye ukungu, kwenye nyuzi 178.5 inakuwa majimaji safi. Huo uji katikati ndio fuwele zinazotiririka. Zilikaa kwenye vitabu kwa miaka themanini. Mwaka 1968 George Heilmeier na wenzake wa RCA, Marekani, walitangaza kioo kilichotengenezwa kwa fuwele hizo. Kisha Desemba 1970 Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, wakifanya kazi Hoffmann-La Roche kule Basel, wakaandikisha ubunifu wa kuzisokota fuwele kama kamba, na umeme ukipita zinajinyoosha na kuziba mwanga. James Fergason naye kule Marekani alikuwa na wazo hilo hilo, wakashtakiana. Huo msokoto ndio TN.

Na TN ilikwenda kwanza wapi? Kwenye saa ya mkononi na kikokotoo. Saa inatazamwa na mwenyewe tu, akiigeuza mkono ili aione vizuri. Baadaye ikaenda kwenye kompyuta ya mapajani, ya mtu mmoja tena. Fuwele zikiinuka, zinainuka kuelekea upande mmoja, kwa hiyo anayeangalia kutoka juu na anayeangalia kutoka chini wanaona vitu viwili tofauti. Kwa mtu mmoja aliyekaa mbele si tatizo. Ndiyo maana wacheza gemu wa mashindano waliipenda TN kwa miaka mingi: bei ndogo, fuwele zake zinageuka haraka, na mtu mwenyewe hasogei. Ukiwa nayo kibandani na huna hela ya nyingine, kosa la kwanza kuepuka ni kuitundika juu ukutani ikiwa imesimama wima, halafu watoto wakakaa mkekani. Kutoka chini ndipo TN inapokuwa mbaya kuliko kote. Ishushe, au iinamishe mbele iwatazame wao.

IPS ilizaliwa kujibu tatizo hili hasa. Utafiti wa Günter Baur na wenzake kule Freiburg ulionyesha kwamba fuwele zinaweza kuzungushwa zikiwa zimelala, sambamba na kioo, bila kuinuka kama zile za TN. Hitachi wakaipeleka sokoni mwaka 1996. Zikiwa zimelala, mtu wa pembeni anaona karibu sawa na mtu wa mbele. Matangazo yanaandika nyuzi 178, na mimi hucheka kidogo kila nikiiona namba hiyo, kwa vile inakaribiana na ile ya karoti za Reinitzer. Ni bahati tu.

Kwenye rangi pia IPS ina heshima yake, na hapa wakulima wa Ushetu hawahitaji kufundishwa. Tumbaku ya mvuke inauzwa kwa madaraja, na mteuzi anaangalia rangi: limau, chungwa, ile inayoelekea kahawia. Jani moja likitazamwa kivulini na likitazamwa juani ni majani mawili, na tofauti hiyo ni hela ya msimu mzima. Mtu aliyewahi kubishana na mteuzi kuhusu daraja anaelewa haraka kwa nini kioo kinachobadilisha rangi ukisogea hatua mbili hakifai kutazamwa na umati.

Udhaifu wa IPS ni weusi. Nyuma ya kioo kuna taa inayowaka muda wote, na fuwele zinatakiwa kuizuia. IPS ya kawaida inazuia mpaka weupe uwe kama mara elfu moja ya weusi. VA, ambayo Fujitsu waliitangulia mwishoni mwa miaka ya 1990, inasimamisha fuwele wima na kuzuia vizuri zaidi, mara elfu tatu au zaidi. Ukizima taa usiku na kuweka filamu, VA inakupa giza la kweli na IPS inakupa kijivu chenye mng'ao pembeni. Wanaopenda filamu wanaisifu VA, na wana haki.

Lakini mchana je? Kibanda chenye mlango wazi, mabati yenye matundu ya misumari, jua la saa nane la Shinyanga. Mwanga wa nje unaangukia kioo na kurudi machoni, na weusi wa mara elfu tatu unabaki kwenye karatasi ya tangazo. Kinachokusaidia hapo ni mwangaza wa kutosha na uso usiong'aa kama kioo cha kunyolea. Halafu VA ina mawili mengine: ukiitazama kutoka pembeni picha inapauka, na vitu vya giza vikipita mbele ya giza vinaacha mkia kama wino uliopakwa kidole. Mpira ukichezwa usiku na kivuli kimeangukia nusu ya uwanja, wachezaji wanaburuta mikia. Kwa hiyo kwa mwenye kibanda cha gemu naisogeza VA pembeni. Kwa familia inayotazama tamthilia usiku, wote wakiwa mbele, ningeichagua bila kusita.

Mabishano makali zaidi, hata hivyo, si ya rangi. Ni ya kuchelewa. Kila aliyefungwa anasema kioo kinachelewa! Mara nyingine ni kweli. Televisheni ya flati ina programu ndani inayosafisha na kulainisha picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo inachukua muda, kwa hiyo unabonyeza sasa, mpira unatoka baadaye kidogo. Seti nyingi zina mpangilio wa gemu unaozima usafishaji huo. Tafuta huo kwanza kabla hujauza televisheni. Monita ya kompyuta haina mambo mengi hayo, ndiyo maana ni nyepesi mkononi. Ila hili ni jambo tofauti na ile "1 ms" iliyoandikwa kwenye boksi. Ile ni kasi ya fuwele kutoka kijivu kimoja kwenda kingine, imepimwa katika hali ambayo aliyeuza ameichagua.

Kisha zile 144, 165, 240 Hz ambazo vijana wanazitamka kama namba za jezi. Hiyo ni idadi ya mara ambazo kioo kinaweza kubadilisha picha kwa sekunde moja. Kioo hakitengenezi picha, kinapokea. PlayStation 4, ambayo imetoka 2013 na ndiyo naiona kwenye vibanda vingi, inatoa 60 tu. Ukiiunganisha na kioo cha 240 utapata 60, na tofauti ya bei imekwenda na maji. PlayStation 5 inafika 120 kwa gemu zinazoruhusu. Mwenye PS4 na bajeti ya kawaida anunue IPS ya kawaida iliyo kubwa kidogo, hela inayobaki aweke kwenye betri na kinga ya umeme. Monita ya LED ya inchi ishirini na nne inakula wati kama ishirini hivi, chogo lilikuwa linakula mara tatu au nne yake. Kwenye sola hilo ni jambo la kufunga saa mbili usiku au kuendelea.

OLED niliiacha mwisho makusudi. Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak walionyesha njia mwaka 1987: tabaka jembamba la kaboni linalotoa mwanga lenyewe. Kila nukta inajiwasha na kujizima, taa ya nyuma haipo, weusi ni weusi kabisa, kasi ni ya ajabu, na mtu wa pembeni anaona vizuri. Kwa maana hiyo OLED ni chogo lililorudi bila kisogo. Ungedhani basi ndiyo jibu. Tatizo, mbali na bei, ni kwamba nukta zinachakaa kadiri zinavyowaka. Kwenye gemu la mpira kuna ubao mdogo juu kushoto: majina ya timu, magoli, dakika. Kibanda kinachofunguliwa asubuhi na kufungwa usiku, siku saba kwa wiki, kinaonyesha ubao ule ule mahali pale pale kwa maelfu ya saa. Mwisho wake unabaki umechorwa. Unaweka filamu ya mapenzi, na juu ya kichwa cha bibi harusi kuna kivuli cha moja-bila.

Bado sijasema lolote la mtumba, na wengi watanunua mtumba. Ukinunua, muulize muuzaji taa ya nyuma ni ya aina gani. Monita nyingi za kabla ya mwaka 2010 hivi zina mirija myembamba ya taa, na ndani ya kila mrija kuna zebaki, miligramu chache. Ni zebaki ile ile ambayo wachimbaji wadogo kuanzia Geita hadi Msalala wanaikamatishia dhahabu kwenye beseni, na wengine wanaichoma kwa moto wa mkaa wakiivuta puani. Na dhahabu nayo imo: vile vipande vidogo vya elektroniki kwenye ukingo wa paneli, vinavyoiambia kila nukta iwake kiasi gani, kwa kawaida vimeunganishwa kwa vitone vya dhahabu visivyoonekana kwa macho. Bulyanhulu ilianza uzalishaji 2001, Geita mwaka mmoja kabla, na hakuna anayeweza kukuambia kama gramu fulani ya huko imerudi Kahama ndani ya boksi la monita. Kioo kikipasuka, kijana anakitupa nyuma ya kibanda, watoto wanakivunjavunja kutafuta shaba. Mirija ile inavunjika kirahisi kuliko kitu kingine chochote humo ndani. Kama kioo chako ni cha mirija na kimekufa, kifunge kizima kizima kwenye boksi, kiweke juu darini mbali na watoto, mpaka upate anayevipokea mjini.